Elektrisie Aliyetenganisha Mapasa

Mafundi wengine wa magari hunawa mikono wakimaliza kazi. Elektrisie wetu wa Ndosho alinawa kabla ya kuanza. Beseni lake la bluu lilikaa juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, na kando yake palikuwa na sabuni ya kufulia na taulo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mke wake. Alijisugua mpaka viwikoni, polepole, huku mwenye gari amesimama pale akiuma meno kwa haraka zake. Ukimhimiza, alikujibu bila kukutazama.

"Mafuta ya mikono ikiingia mu fili, kesho utasema Elektrisie njo mubaya."

Kwetu Goma njo ni ndiye, fili ni waya, na waya ndizo zilizokuwa dunia yake yote. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, bila shaka, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata mchungaji alipomtaja kanisani alisema Elektrisie, na waumini wote waligeuza shingo kumtazama mtu mmoja.

Sitadai kwamba alikuwa mnyenyekevu. Alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na wakati wa kufunga geti alikuwa bado hajamaliza. Sifa yake kubwa ilikuwa sentensi moja: "Gari yenye nilishika hairudiaka." Hakuwa na kibao mlangoni, sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa kibao chake, na iliwaleta watu kutoka Katindo na Mabanga wakiisema kabla hata hawajamsalimu. Nasi majirani tuliicheka, lakini tuliiamini. Magari ya kwetu hupanda milima ya Masisi yakiwa na watu waliokaa juu ya mizigo, na moteri ikizimika mlimani, breki nazo huwa ngumu, mguu unakanyaga na gari haliitiki. Kwa hiyo mtu aliyeiamini sentensi ile alikuwa anamkabidhi mzee huyu roho za watu, si gari tu. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa kuozesha moteri mpya kwa gari kuukuu. Ndivyo alivyoiita. Mji wetu umejaa majipu ya zamani, yale magari ya jeep, bodi zake ngumu, moteri zake zimekwisha. Watu huagiza moteri za kisasa kutoka nje, nazo hufika zimefungiwa ndani ya sanduku la mbao tunaloliita kesi, pamoja na kisanduku cha bati chenye akili zake zote, ambacho tunakiita kalkilateri, na shada la waya lililokatwa ovyo kama majani ya ng'ombe. Kuikalisha moteri ile mahali pake ni kazi ya misuli na kuchomelea, na mafundi wa namna hiyo tunao wengi. Lakini kuifanya kalkilateri iishi ndani ya jipu ambalo maisha yake yote halikuwa na akili nyingine ila ya dereva, hapo ndipo watu walipouliza njia ya kwenda kwa Elektrisie. Naye hakuanza mpaka jipu na moteri vikae uani vikitazamana walau mchana mmoja.

"Bafahamiane kwanza," alisema. "Huyu ni muzee, huyu ni bibi arusi. Unabasukuma tu kitandani?"

Mama yangu alikuwa akigeuza uso kwa maneno hayo, lakini aliyacheka baadaye nyumbani. Mama anauza jibini ya Masisi, yale maduara ya manjano, na mimi ndiye dereva wake tangu baba alipotuachia jipu. Watu humwita Mama Mapasa kwa sababu alizaa mapacha, mimi na dada yangu, na mapasa ndilo neno letu la mapacha. Moteri ya jipu ilipokufa, jibini ilisafiri kwa pikipiki na kufika imepondeka, wateja wakaanza kutuepuka. Tukapata moteri ya kesi. Fundi wa kwanza tuliyemuuliza alishauri tutupe kalkilateri yote, tufunge kabireta ya zamani juu ya moteri mpya, mambo yaishe. Elektrisie alipoyasikia alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

"Unaoa mwanamuke, kisha unamukata kichwa?" alisema. "Mama Mapasa, leta hiyo jeep kwangu."

Nilikaa pale siku nyingi nikimtazama, na ndipo nilipoanza kumpenda kweli. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuunganisha chochote. Alichukua msasa akakwangua rangi na kutu kwenye bodi ya jipu mpaka chuma king'ae, hapa na pale, kila mahali ambapo umeme ungepaswa kurudi baada ya kufanya kazi yake. Mahali hapo mafundi hupaita masi. Gari la zamani huvumilia masi mbaya. Taa inafifia kidogo, basi. Kalkilateri haivumilii.

"Kila umeme yenye inatoka, inatafuta kurudi kwao," aliniambia huku akikwangua. Halafu akasimamisha mkono. "Kama sisi batu ya Masisi."

Alitoka milima ileile tuliyotoka sisi. Hakujisifu tena siku hiyo.

Siku ya pedali ilikuwa ya kicheko. Pedali ya zamani ya mafuta ilivuta kebo, na kebo ilivuta kabireta, mtoto angeelewa. Pedali mpya haikuwa na kebo, ilikuwa na waya nyembamba tu. Mama alipanda, akakanyaga, akainama kutazama chini ya usukani.

"Kebo iko wapi?"

"Hakuna kebo, Mama. Unakanyaga, pedali inaambia kalkilateri, kalkilateri inaambia moteri."

"Na kama kalkilateri imelala na hasira?"

Elektrisie alicheka mpaka akashika bampa. "Njo maana niko hapa!"

Nyumbani kwake, sasa, usiingie ukitegemea kuona fundi wa umeme anavyoishi. Taa ya sebuleni ilining'inia kwa waya iliyokazwa na kibanio cha nguo. Pikipiki yake mwenyewe aliisukuma kila ilipogoma, akitusalimu kwa heshima kama mtu aliyeamua kutembea kwa afya. Alihubiri kumtegemea Mungu, na geti lake lilikuwa na kufuli zaidi ya geti lolote la mtaa. Mke wake alipomkumbusha ile taa, alimjibu kwamba umeme wa nyumba hauna adabu, hauna kalkilateri ya kuongea nayo.

Lakini kitu kimoja alikiheshimu bila mchezo, nacho ni mama mkwe wake. Kwao, kama kwetu, mkwe mwanamume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso njiani. Mmoja anaacha njia. Vijana siku hizi wanapigiana simu na kutaniana. Elektrisie hapana. Siku moja bibi huyo alipita mtaani wakati yeye ameinama mbele ya gari la mteja. Hakuwa na pa kukimbilia, akazama ndani ya boneti kichwa na mabega, miguu ikabaki nje. Bibi alikutana na jirani, wakaanza habari za ubatizo, habari za mihogo, habari za mguu unaouma. Miguu ya mkwe ikabaki pale, haitikisiki. Bibi alipomaliza aliiaga ile miguu kwa sauti ya heshima, "Kazi muzuri, bwana," akaenda zake. Mtaa mzima ulilala ukicheka.

Desturi hiyo aliihamishia kwenye kazi. Ndani ya moteri ya kisasa kuna waya zinazobeba umeme wa nguvu wa kuwasha mafuta, hizo hupiga kelele; na kuna waya zinazobeba habari kutoka kwenye vijicho vidogo vinavyotazama moteri inavyozunguka, hizo hunong'ona. Ukizipitisha pamoja, zenye kelele zinaharibu habari za zile zinazonong'ona. Yeye aliziita mkwe na mama mkwe. Moja alipitisha kulia, nyingine kushoto, na kama ilikuwa lazima zikutane, zilikatizana mara moja kama watu njia panda.

"Bapitane tu," alisema. "Basisalimiane."

Mafundi walioshindwa na magari yao walikuja kuomba siri yake, naye aliitoa bure, kwa sauti kubwa, kila mtu asikie. Ilikuwa sheria nzuri. Ilimtumikia miaka na miaka, na magari hayakurudi.

Jipu letu lilirudi.

Ndani ya mji lilikuwa limetembea vizuri, laini, linanyamaza hata unasahau kwamba limewaka. Tulikwenda Masisi, tukapakia jibini na akina mama waliokuwa wanashuka sokoni. Wakati wa kurudi, kwenye mpando mmoja kabla ya kuteremkia mji wa Sake, mzigo ukiwa mzito na moteri imepata moto, ikakata. Haikukohoa, haikuonya. Kanyaga breki, ngumu. Jipu likaanza kurudi nyuma. Mama alisema "Yesu" mara moja tu, na akina mama wa nyuma wakaruka chini, wakatupa mawe nyuma ya magurudumu, jiwe la kwanza likasagika, la pili likashika. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka, na maduara ya jibini yakateremka mlima yakibingirika, moja baada ya jingine, mpaka kwenye migomba. Hakuna aliyeumia. Tulikaa pembeni, na moteri ilipopoa ikawaka kana kwamba haijui lolote.

Tulipoingia uani kwa Elektrisie nilitaka kumfokea. Nilimkuta amesimama, taulo mkononi, amekwisha kupata habari kwa simu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Batu wangapi bameumia?"

"Hakuna."

Akakaa chini. Halafu akanyanyuka, akafungua boneti, na kwa siku kadhaa hakufanya kazi ya mtu mwingine. Alikwangua masi upya. Alibadilisha hiki na kile. Kila jaribio lilikuwa sawa: mjini jipu jema, mlimani likichemka na kubeba, linakata.

Aliyeliona kosa ni mama yangu. Hakuwa amekuja kutengeneza kitu. Alikuja na kiti chake kukaa tu, maana bila jipu hakuwa na la kufanya. Alitazama ndani ya boneti muda mrefu, kisha akauliza kama anayeuliza habari za majirani.

"Elektrisie, ile siku ya kufungua kesi niliona fili mbili, moja nyeupe, moja nyeusi, zimezungukana. Ziko wapi?"

Akamwonyesha: moja hii hapa kulia, nyingine ile kule kushoto. Zilitoka kwenye kijicho kinachotazama mzunguko wa moteri, na alikuwa amezikuta zimesokotana, zimevalishwa mpira mmoja. Alikuwa amezisokotoa na kuziweka mbali, kila moja njia yake, maana kwake waya zozote mbili zilizogusana zilikuwa mkwe na mama mkwe.

"Juu ya nini uliachanisha mapasa?"

"Mama, si mapasa. Hawa ni mukwe na mama-mukwe."

"Nani alikuambia vile? Bamekuja bameshikana. Mukwe na mama-mukwe banalalaka mu mupira moja?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama akizitazama zile waya, na nikaona midomo yake inatembea. Kwetu, mapacha hawatenganishwi kwa kitu chochote. Mmoja akipewa nguo, mwingine naye apewe. Mmoja akikaripiwa, wote wawili wanaitwa. Mama alitulea hivyo, mpaka dada yangu akiumwa mimi ninanyweshwa dawa. Elektrisie alikuwa anajua desturi hiyo kama anavyoijua ile ya mkwe. Alikuwa hajawahi kuidhania kwenye waya.

"Mu mulima kelele inazidi, na ikimugonga moja peke yake," alisema polepole, "kalkilateri inafikiri ni habari. Ikibagonga bote babili sawasawa, inajua ni fujo ya njia tu, inaiacha." Akashika kichwa. "Mama Mapasa. Mi nilikuwa nabaachanisha. Nilibaachanisha mu gari zote."

Alizisokota upya, akazivika mpira mmoja, akazipitisha pamoja mbali na zile za kelele. Tukapanda ule mlima, yeye akiwa mbele kando yangu, mzigo wa mawe nyuma badala ya jibini. Jipu lilipita mahali pale bila kushtuka. Mama alishukuru kwa sauti. Elektrisie alikuwa anatazama nje dirishani, upande wa bondeni.

Kwetu sisi jambo lilikuwa limekwisha. Kwake lilikuwa linaanza. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama kanisani kabla ya kuitwa.

"Mwenye gari yenye niliweka kalkilateri, arudi kwangu. Nimekosea fili. Nitatengeneza bule."

Kikatoka kicheko cha chini kwenye viti vya nyuma. Yale magari mengine yalikuwa hayajamsumbua mtu, mengi yalikuwa ya mjini, yasiyojua mlima. Angeweza kunyamaza. Baadaye mke wake alinieleza kwa uchungu kwamba alimwambia hivyohivyo: ungenyamaza, nani angejua?

"Mulima ingejua," alimjibu.

Wakarudi. Geti lilijaa magari ambayo miaka yote alijivuna kwamba hayatarudi, na wapita njia walisimama kutazama. Wengine walimfokea. Wengine walimwita Elektrisie wa Kurudisha, na jina likaenea haraka. Wateja wapya walipungua, kisha wakakoma. Nani atampa bibi arusi wake fundi aliyesimama kanisani kujisema? Yeye alinawa, akazama kwenye boneti, akasokota mapasa, akaita mwingine. Nilimwona amekonda. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye siku zile, na nilimwambia hivyo. Aliniambia nisogee, namzibia mwanga.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa muda ilikuwa miezi kadhaa baadaye. Tulikuwa tunapita Katindo, mimi na Mama, jipu limejaa jibini, jua kali, nikamwona anatembea pembeni ya barabara na mfuko wake wa vyombo, viatu vimejaa vumbi jeusi. Nikasimama.

"Muzee, unaenda wapi na mguu?"

"Natafuta moja. Bote nilibamaliza. Huyu njo amebakia." Lilikuwa jipu la kijana mmoja aliyekuwa akiliendesha kama taksi mjini, akahama, akabadilisha namba ya simu. Mtu alimwambia Mabanga.

"Na kama haijazimika?"

"Haijazimika *bado*," alisema, akapanda.

Tulizunguka Mabanga tukiuliza. Mama alilalamika kwamba jibini inatoka jasho, halafu akashuka akawa anauliza yeye mwenyewe, kwa wauza makaa, kwa wauza vocha. Tukampata kijana anaosha jipu mbele ya nyumba. Juu yake palikuwa na kerya mpya ya kubebea mizigo, imechomelewa juzijuzi.

"Taksi ya mujini hailishi tena," kijana alituambia kwa furaha. "Kesho naanza Masisi. Batu biko tayari bamejaa."

Elektrisie alitafuta jiwe akakaa. Alipopata pumzi alimweleza habari za mapasa yote, tangu mwanzo. Kijana alisikiliza akipangusa kioo, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, Muzee. Gari iko muzuri. Ukiigusa utaiharibisha."

"Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Kijana naye alishangaa. "Lakini wewe njo ulisemaka gari yako hairudiaka."

"Hii haikurudi. Mi njo nimerudi."

Kijana akarudi kupangusa kioo. Mama ndiye aliyemsogelea.

"Mutoto yangu, mi nilikuwa mu ile mulima," alimwambia. "Tulikuwa na bamama nyuma. Gari ilikuwa muzuri vilevile."

Kijana alimtazama, akamtazama mzee aliyekaa juu ya jiwe. Akatoa ufunguo mfukoni.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Nilimshikia waya mbili, nyeupe na nyeusi, naye akazisokota kuanzia kwenye kijicho mpaka kwenye kalkilateri, akapima kwa kidole kila mzunguko, akazivika mpira, akazifunga. Akafunga boneti kwa mikono yote miwili, taratibu. Kijana akakaa kwenye usukani, akawasha. Akaipandisha moteri, akaishusha, akatega sikio.

"Muzee, si ni vilevile? Hakuna kenye kimebadilika."

Elektrisie alikuwa amesimama mbele ya jipu, kiganja juu ya boneti, anasikiliza. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona siku zote za majivuno yake.

"Hakuna," alisema. "Kesho panda na batu yako."